Mkwe Ndani ya Chumba cha Seva

Mwanaume aliyepeleka posa ana adabu zake. Majibu yakiwa bado, mama wa binti humzoeizoei. Ukimwona upande huu wa barabara unavuka upande ule. Mkigongana uso kwa uso unainamisha macho, unatoa shikamoo, unayeyuka. Na kula mbele yake ndiyo usiseme. Bora ufe na njaa, watu waseme marehemu alikuwa na haya.

Sasa mfikirie Adamu, fundi kompyuta, mtoto wa Ilala, ambaye Jumatatu moja ya masika alijikuta kafungiwa pamoja na Bi Kuruthumu, mama yake Husna, ndani ya chumba kidogo kama kontena, ghorofa ya tatu, katikati ya Kariakoo. Mlango umefungwa kweli kweli, maana kiyoyozi hakitaki mchezo. Hakuna pa kuvukia upande wa pili. Hakuna hata upande wa pili wenyewe.

Chanzo cha yote kilikuwa maji. Mzee Vallabhdas, muuza khanga na mwajiri wa Adamu, godown lake la miaka yote lilikuwa kule bondeni karibu na Msimbazi, na humo ndimo zilimokaa kompyuta za kampuni, juu ya mbao, mbao juu ya matofali. Kila mvua zikija maji ya Jangwani yanakuja kusalimia. Mwaka ule yalipanda mpaka yakalamba tofali la juu kabisa, na Jeet, mtoto wa mzee, akaja mbio na suruali kaikunja magotini akasema imetosha, tunahama, tunapeleka kila kitu ghorofani kwetu Kariakoo.

Na hizo kompyuta hazikuwa za kuandikia barua. Zamani, enzi za vitu kwa kibali, Mzee Vallabhdas alikuwa na duka moja na foleni moja, akili yake ilitosha. Biashara ilipofunguliwa, akaanza kuagiza mwenyewe kutoka India, maduka yakazaana: Kariakoo mawili, Ilala, Tanga, Mtwara, mpaka Dodoma. Akili ikajaa. Jeet akarudi kutoka masomoni na wazo lake: mauzo ya maduka yote yamiminike sehemu moja, kwenye ghala la data, halafu ukiuliza khanga gani ipelekwe Mtwara kabla ya Idd, mashine ikujibu. Mzee akamwambia ghala analo tayari, lina bati na kufuli. Lakini mashine ilipotabiri khanga za mafumbo ya kumsema jirani zitaisha Tanga kabla ya mwezi kuandama, na zikaisha kweli, mzee akasalimu amri. Tangu siku hiyo hakuna robota linatoka bila mashine kuulizwa.

Hapo ndipo Bi Kuruthumu anapoingia. Mama huyu alikuwa mteja wa jumla wa Vallabhdas tangu yuko binti, na kila kabla ya Idd anapanda Kariakoo kuchagua mzigo wake kabla mshindani wake, Mwanamkuu wa mtaa wa nyuma, hajaamka. Mjane, mnene wa heshima, ulimi kama wembe mpya. Huyo huyo ndiye mama wa Husna, na Husna ndiye aliyemfanya Adamu atume barua.

Barua ilipelekwa na mshenga, Mzee Fikirini. Bi Kuruthumu aliuliza swali moja tu: kijana anafanya kazi gani? Mzee Fikirini, Mungu amrehemu hata kabla hajafa, hajui kompyuta hata kwa sura. Akajibu kwamba kijana anatunza ghala ambalo halionekani.

"Haya," Bi Kuruthumu akasema. "Likionekana mtanijulisha."

Baba mdogo wa Husna ndiye walii, lakini walii mwenyewe hafungui mdomo mpaka amemtazama shemeji yake usoni. Kwa hiyo neno lilikuwa kwa Bi Kuruthumu, na Bi Kuruthumu alikuwa anaangalia. Adamu alijua kabisa: mashine ikiwaka vizuri, ameoa. Ikigoma, Husna ataolewa na mposaji mwingine, yule mwenye duka la mabomba ya maji, ambaye ghala lake linaonekana mpaka barabarani.

Basi. Wikiendi nzima Adamu alikuwa anahamisha. Alifunga mashine mpya tatu zenye diski, zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, ili moja ikifa, mbili zibebe mzigo. Data yote ikanakiliwa, kebo zikafungwa, kila kitu safi. Ilibaki kuwasha tu. Na kuwasha hakukuwa kwa Adamu, kulikuwa kwa Madhuben.

Madhuben ni mke wa Mzee Vallabhdas, mama yake Jeet. Nyumbani na kazini kila mtu anamwita Ba, na Ba hafungui duka, hafungi mkataba wala hahamishi jiko bila muhurat, saa ya heri anayopangiwa na maharaji wa hekaluni. Saa ya heri ya mashine ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwisho saa tano. Ikipita hiyo, haifai tena kwa siku kadhaa. Adamu hakuwa na shida na hilo. Hata kwao Ilala watu wana siku za kuhamia na siku za kutohamia. Alichobishana kidogo ni ubani, kwa sababu ya kengele ya moshi, na nazi, kwa sababu ya maji yake. Wakakubaliana nazi ivunjiwe koridoni.

Saa nne na nusu Ba alikuwa ameshapanga kila kitu. Seva ya kwanza ilikuwa na tone jekundu la kumkum, unga wa baraka, usoni, uzi mwekundu umezungushwa kwenye mguu wa meza, na kwenye skrini yake ametundika shada zito la maua ya njano lililoficha kona yote ya chini. Kidole kiko juu ya kitufe. Umeme ukakatika.

Jenereta lilikuwa uani. Dizeli haikuwepo. Adamu akachukua dumu akashuka ngazi mbili mbili, akakimbia mpaka sheli, akakuta foleni ya madumu mengine, maana mtaa mzima umekatika. Aliporudi anapanda ngazi huku ananuka kama lori, umeme ulikuwa umesharudi, na kwa simu yake ilikuwa inakaribia saa sita. Akajipanga kumpa Ba pole.

Koridoni akakuta nazi imeshavunjwa. Ba anang'aa. Jeet pembeni anajifuta jasho chini ya kiyoyozi.

"Tumewahi, Adamu," Ba akamwambia, akamtia kipande cha nazi mkononi. "Mimi nilikata tamaa. Jeet akaniita, Ba, njoo uone, saa ya heri bado ipo. Nikabonyeza."

Adamu akatazama simu yake, akamtazama Ba, akaona labda maharaji ameongeza muda. Mambo ya wakubwa. Akala nazi, na hicho ndicho chakula pekee kilichopita kooni mwake mpaka jioni, kwa sababu dakika hiyo hiyo mlango wa ngazi ulifunguliwa na Bi Kuruthumu akatokea, anahema, amejitanda, anauliza kama kweli huku juu ndiko kuna ubaridi.

Ba na Bi Kuruthumu wanajuana miaka mingi, wameuziana na kuzikiana. Ba akamshika mkono akamwingiza chumba cha seva, akamvutia kiti karibu kabisa na ile skrini yenye shada, chai ikaagizwa. Akamwambia akae, mashine ikiamka tu yeye ndiye wa kwanza kupewa ripoti.

Adamu akatoa shikamoo yake kwa sakafu. Sakafu ikaitikia marahaba kwa sauti ya Bi Kuruthumu.

Mashine haikuamka.

Taa zilikuwa zinawaka, mapangaboi ya ndani yanavuma, ukiangalia kwa macho unasema mbona iko fresh. Lakini ghala lenyewe likijaribu kusimama linaanguka. Adamu akapiga magoti kwenye kompyuta yake ya mkononi, mgongo kwa mkwe, akaanza kusoma mashine inalalamika nini. Mfukoni simu ikatetemeka. Ujumbe wa Husna: *Mama yuko wapi?* Akajibu kwa kidole kimoja: *Hapa. Nikinyoosha mguu namgusa.* Husna akarudisha: *Usinyooshe.*

Tatizo la kwanza alilipata upesi, na lilikuwa la kipuuzi. Mashine ilikuwa bado inazitafuta diski kwenye anwani ya godown la zamani. Jeet akauliza kwa sauti ya kibosi kuna nini, Adamu akaeleza kwa adabu kwamba mashine imehama lakini bado inaenda kugonga kule kule ilikotoka.

"Nawajua wanaume wa hivyo," Bi Kuruthumu akamwambia Ba, akapuliza chai.

Adamu akabadilisha anwani. Ghala likasimama kidogo, likaanguka tena. Safari hii diski zimeonekana ila zimefungwa: wakati wa kunakili, mafaili yote yameandikwa kwa jina la aliyeyabeba badala ya jina la mwenyewe. Ni sawa na hamali abebe robota kutoka bandarini, akifika dukani aseme ni lake. Akayarudisha kwa mwenyewe. Hapo adhuhuri imeshapita, harufu ya wali wa mama ntilie inapanda dirishani kutoka chini, na Ba, ambaye hawezi kuona mtu ana njaa, akaleta sahani ya gathia za unga wa dengu na pilipili za kukaanga akaiweka juu ya meza ya Adamu.

Adamu akaiangalia ile sahani. Akahisi macho ya mkwe kisogoni. Akasema ahsante, Ba, nimeshiba.

Tumbo lake likamkana papo hapo, kwa sauti.

Kilichofuata ndicho kilichomuumiza zaidi. Wale kinamama walianza kupiga soga, na soga lilimhusu yeye, lakini kana kwamba hayupo.

"Kuna kijana mmoja kaleta barua kwangu," Bi Kuruthumu alianza, kidole kimoja kinachezea pindo la shada.

"Kijana gani?" Ba akauliza. Anamjua. Mtaa mzima unamjua.

"Hata sijui. Wanasema anatengeneza mashine."

"Hiyo kazi nzuri, Kuruthumu."

"Nzuri, ikitengenezeka. Mimi mashine zake nazisikia tu zinavuma. Hata nyuki wanavuma, ila kule unapata asali."

Ba akacheka mpaka bangili zikalia. Adamu akazidi kuinama, pua inakaribia kugusa vitufe.

Tatizo la tatu sasa. Zile mashine tatu, kabla ya kufanya kazi pamoja, kila moja lazima ioneshe wenzake kitambulisho, ili asije akaingia mgeni. Vitambulisho vya zamani vilikuwa na majina ya kule bondeni, havifai tena. Adamu akavifuta akatengeneza vipya kwenye kompyuta yake, akavigawa. Mashine ya pili ikakubali. Ya tatu ikakubali. Ya kwanza, ile yenye shada, ikakataa, na ikaandika sababu ambayo Adamu aliisoma mara mbili. Kwa Kiswahili cha kawaida ilikuwa inasema: kitambulisho hiki bado hakijazaliwa.

Akafuta, akatengeneza kingine. Hakijazaliwa. Akatengeneza cha tatu, kwa uangalifu, anahesabu kila herufi. Hakijazaliwa. Akaangalia saa ya kompyuta yake, iko sawa. Ya mashine ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Ya kwanza skrini yake imefunikwa maua kwenye kona, na Ba ameshatangaza kwamba kilichoanza kwa muhurat kisiguswe, na pale karibu na maua kuna goti la mkwe. Mtu akishaona mbili ziko sawa, iliyobaki anaitilia heshima tu. Akaipita.

Na cha kuchekesha ni hiki. Kama angekuwa fundi mwingine, asiye na posa nyumba ya mtu, angesema jamani naenda kula. Angeshuka chini, angepiga wali maharage, angebishana mpira kidogo, angerudi baada ya saa moja na zaidi akakuta kitambulisho chake kimezaliwa chenyewe na ghala limewaka. Lakini angepita vipi mbele ya Bi Kuruthumu kwenda kujaza tumbo wakati mashine imelala? Kwa hiyo alikaa. Na kwa kuwa alikaa, kila kitambulisho kikikaribia siku yake, anakifuta, anaandika kipya. Haya zake ndizo zilikuwa zinaua mashine.

Mzee Vallabhdas akaanza kupiga simu kutoka dukani chini. Wateja wa Idd wamejaa, robota haziwezi kutoka. Na sasa, kwa mujibu wa mzee, Mwanamkuu naye ameshatia mguu dukani, ameanza kunyoosheanyooshea mizigo kidole. Bi Kuruthumu aliposikia jina hilo aliweka kikombe chini. Jeet, ambaye ameipokea simu mbele ya mama yake na mbele ya mteja, akafanya wanachofanya mabosi wakibanwa.

"Baba, mimi sijui," akasema kwenye simu, kwa Kiswahili, watu wote wasikie. "Adamu ndiye aliyehamisha. Adamu alituahidi mpaka mchana iwe tayari. Muulize Adamu."

Bi Kuruthumu akatoa simu yake mkobani, akaandika neno. Simu ya Adamu ikatetemeka. Husna: *Mama kanitumia meseji. Kaandika "MABOMBA". Kuna nini huko?*

Akairudisha simu mfukoni.

Wakati huo adhana ya alasiri ikaanza. Kwanza msikiti wa mtaa wa pili, halafu wa sokoni, halafu yote kwa pamoja, moja inamalizia pale nyingine inapoanzia, mpaka vioo vinatetemeka. Bi Kuruthumu akavuta ushungi vizuri. Akaitikia taratibu midomoni. Halafu, kwa kuwa amekaa karibu kabisa na skrini, na upepo wa kiyoyozi ulikuwa unalisukuma shada, macho yake yakaingia nyuma ya maua.

"Mama Jeet," akasema. "Waadhini wote wa Kariakoo wamekosea leo, au ni hii tivii yenu?"

"Kwa nini?"

"Inasema saa nane na ushee. Alasiri hii."

Adamu akasimama. Alisahau kabisa kwamba hatakiwi kumkaribia, akaenda mpaka pale, akainama pembeni ya goti la mkwe wake, akachungulia nyuma ya maua. Kweli. Mashine ya kwanza ilikuwa nyuma ya dunia zaidi ya saa nzima. Vitambulisho vyote alivyoviandika, kwa mashine hii, ni vya saa ambayo haijafika. Ilikuwa sahihi kuvikataa. Ukimletea mtu cheti cha mtoto ambaye hajazaliwa, afanyeje?

Nyuma yake Jeet akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

Adamu akageuka akamtazama, na hapo yote yakajipanga yenyewe: umeme uliokatika, saa ya heri iliyopita, yeye yuko foleni na dumu, na Ba amesimama kwenye giza na nazi yake ameumia moyo. Mtoto gani angevumilia? Jeet kairudisha saa ya mashine nyuma, kamwita mama yake, njoo uone, bado ipo. Kafanya kwa mapenzi. Sasa mwanaume mzima na sharubu zake alikuwa amesimama mlangoni, macho yanamwomba Adamu kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni.

"Mashine haiwezi kujirudisha saa," Bi Kuruthumu akasema. Hakuwa anamuuliza Ba tena. Alikuwa anamtazama Adamu moja kwa moja, mara ya kwanza tangu barua ipelekwe. "Nani kairudisha?"

Ba naye akamgeukia.

Na wewe pima mwenyewe. Neno moja tu, Adamu ametoka. Bosi wake kamtupia lawama mbele ya mkwe si dakika kumi zilizopita. Angesema *muulize Jeet*, yaishe, jina lisafishike, mwenye mabomba akatafute pengine. Ulimi ulishafika kwenye meno. Halafu akauona uso wa Ba, tone jekundu alilojipaka asubuhi bado liko katikati ya paji, furaha ya nazi bado haijamtoka.

"Mashine zikihamishwa, saa ndiyo kitu cha kwanza kukaguliwa, mama," akasema. "Ni kazi yangu. Sikuikagua hii."

"Hilo silo nililouliza."

"Najua, mama. Ila ndilo ninaloweza kulijibu."

Bi Kuruthumu akamwangalia. Akamwangalia Jeet, ambaye amegundua ghafla kwamba dari ina kitu cha kuvutia. Akamwangalia Ba. Akachukua kikombe chake, ambacho kilikuwa tupu, akanywa.

Adamu akaomba ruhusa kwa Ba kuisogeza saa mbele. Ba akashika ukingo wa shada. Akauliza, kwa wasiwasi kabisa, kama ukiisogeza saa, ile heri ya asubuhi si itaondoka? Kimeanza kwa muhurat, sasa unakitoa kwenye muhurat.

Fundi wa kompyuta hafundishwi kujibu swali hili popote. Adamu akafikiri, tumbo linanguruma.

"Ba, siku ulipoolewa, ulitoka kwenu kwa saa ya heri?"

"Ndiyo. Alfajiri."

"Na gari ikasimama hapo hapo alfajiri, au ikaendelea mpaka kwa bwana harusi?"

Ba akafikiri. Halafu akacheka kidogo, akalivua shada mwenyewe kwa mikono miwili, akamwachia kona. Mwanaharusi, akasema, aende.

Kuisogeza saa ilikuwa kazi ya sekunde. Mashine ya kwanza ikapepesa taa. Ikasoma kitambulisho, safari hii kimezaliwa na kina umri. Ikamsalimia wa pili, wa pili akamsalimia wa tatu, na ghala likasimama, likayumba kidogo kama mtu anayetoka usingizini, likasimama kabisa. Kwenye skrini maduka yakaanza kuingia moja moja: Ilala, Tanga, Mtwara, Dodoma. Printa kwenye kona, iliyokuwa kimya tangu asubuhi, ikaanza kutema karatasi.

Jeet akataka kuichukua karatasi ampelekee baba yake. Mkono wa Bi Kuruthumu ulifika kabla. Akaisoma kwa kuitenga mbali na macho, akatikisa kichwa, akaiuliza mashine kwa sauti kama ina hakika na Mtwara mwaka huu, halafu akaikunja akaitia kwenye kifua, ambako Mwanamkuu hawezi kufika. Akashuka ngazi kwa kasi ambayo hakuwa nayo wakati wa kupanda.

Jeet alibaki. Alizunguka zunguka, akagusa kebo ambayo haikuhitaji kuguswa, halafu akasema chini chini kwamba baba yake atamwambia mwenyewe, leo leo, kwamba Adamu hakukosea kitu. Na kwamba kesho Adamu aje saa yoyote anayotaka.

"Saa ya ukutani au ya kwako, bosi?" Adamu akamuuliza.

Jeet akaona bora atoke.

Ba alimkuta Adamu koridoni amekaa kwenye ngazi, kichwa kaegemeza ukuta. Akamkabidhi kibakuli cha plastiki chenye mfuniko: thepla nne, chapati nyembamba za viungo, zimekunjwa, achari ya embe, na gathia zile zile za mchana. Kula hapa, akamwambia, hapa mkweo hakuoni. Adamu hakungoja kuambiwa mara mbili.

Ba akasimama pale akimwangalia anavyokula, anazungusha kisaa chake kidogo cha dhahabu kwenye kifundo cha mkono.

"Mimi nilivaa hii tangu asubuhi," akasema.

Adamu akaacha kutafuna.

"Jeet akiwa mdogo alikuwa anarudisha saa ya sebuleni ili asiende shule. Anadhani sikuwahi kujua." Akakiangalia kile kisaa. "Leo alikuwa anatetemeka kama siku zile. Mtoto akikuletea furaha ya uongo kwa mikono inayotetemeka, unafanyaje? Unapasua nazi." Akarudi zake ndani, ila mlangoni akageuka. "Kesho nampigia maharaji. Tutapata saa nyingine, ya kweli. Utawasha upya bila kumwambia Jeet."

Adamu akasema hakuna shida, Ba. Akaanza thepla ya pili huku anawaza kwamba katika jengo lile lote, aliyedanganyika kwa ile saa ni mashine peke yake.

Alikuwa kwenye ya tatu, mashavu yamejaa kama panya wa sokoni, aliposikia ngazi zinalia. Bi Kuruthumu alikuwa anapanda tena, nyuma yake hamali na robota kichwani anauliza tunalipeleka wapi, na yeye anamjibu lishushe hapo, nimesahau mkoba. Mkoba wenyewe ulikuwa begani mwake.

Hapakuwa na pa kukimbilia. Kibakuli kilikuwa mapajani, achari imempaka kidevu. Akainuka nusu, akataka kumeza, ikakataa kushuka, akainamisha macho.

Bi Kuruthumu alisimama ngazi mbili chini yake. Akakitazama kibakuli muda mrefu.

"Kumbe unakula," akasema. "Nilianza kuogopa. Nikasema huyu ama mgonjwa, ama jini."

Adamu akajaribu kusema kitu. Kikatoka kipande cha thepla.

"Kukaa na njaa siku nzima kwa haya ni jambo moja. Nimewaona wa hivyo. Wengi ni waongo, wanakwenda kula uani." Akashusha sauti, hamali asisikie. "Lakini mtu akatupiwa kosa la mwenzie mbele za watu, jibu analo mdomoni, na akalimeza. Hilo nalo ni tonge. Na nimeliona ukilimeza."

Akatengeneza mkoba wake begani, akageuka kushuka, akampigia hamali ukelele wa kubeba mzigo. Alipofika kwenye kona ya ngazi akazungumza bila kugeuka, kama mtu anayejisemea.

"Mwambie Fikirini aje Ijumaa na watu wake. Baada ya alasiri." Akashuka ngazi moja. "Alasiri ya msikitini. Si ya mashine yako."

Simu ikatetemeka mfukoni. Adamu akaitoa kwa vidole vya mafuta. Husna: *Mama kaniambia nifute ile meseji ya mabomba. Umefanya nini??*

Akafikiri aanzie wapi. Akaandika: *Nimekula.*